Ukifika Jeddah, usiishie madukani



Maharusi wengi siku hizi wanaanza ndoa kwa Umra, na kila anayeondoka hapa Unguja hutuuliza sisi mafundi: abaya nzuri Jeddah zinauzwa wapi? Tunamwelekeza Al-Balad, mji wa zamani, kwenye soko la Al-Alawi. Ila tunamwomba akishanunua asikimbilie hotelini. Atembee.

Safari yetu ya kwanza hatukutembea. Tulishughulika na bei na uzito wa mabegi tu. Ya pili ndiyo tulipoingia vichochoroni, tukajiona kama tupo Mji Mkongwe: nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, njia nyembamba zenye kivuli. Madirisha makubwa ya mbao yametokeza nje kwa nakshi. Upepo unaingia, na mwanamke anaona njia bila ya kuonekana.

Sayyidna Uthman (RA) ndiye aliyeifanya Jeddah bandari ya Makka, mwaka 647. Wafanyabiashara wakatajirika kwa mali za Bahari ya Hindi na kwa mahujaji. Nyumba ya Nassif bado imesimama. Mfalme Abdulaziz alifikia humo alipoingia mjini mwaka 1925. Tangu 2014 sehemu ya mtaa huu ni urithi wa dunia.

Lakini kilichotugusa si nyumba ya tajiri. Ni zile ribati, nyumba za wakfu walizokaa wajane na wasio na uwezo. Mwenye mali kaondoka duniani, bidhaa zake zimechakaa, wakfu wake ukabaki ukisitiri watu.

Tukajitazama wenyewe. Gauni la harusi linavaliwa usiku mmoja, likarudi kabatini. Tunashona sisi, na faida tunakula sisi. Tumeacha nini?

Kwa hiyo tumeamua: kila gauni la harusi tunaloshona, sehemu ya faida inaingia kwenye kodi ya chumba cha mama mmoja mjane mtaani kwetu. Na wewe bibi harusi, kabla ya kuongeza nguo ya nne ya kubadilisha ukumbini, fikiria thamani yake ingemsitiri nani.

Mtatwambia harusi ni mara moja. Kweli kabisa. Kodi ya mjane ni kila mwezi.

Allah azibariki ndoa zenu na atukubalie sote. Amin.