Gari Kuukuu Lataka Viungo, Si Kimo

Kuna mtindo ulioenea katika nchi ya Wakisii, nao wastahili kuzungumzwa hata na sisi watu wa mwambao, kwani magari ni yale yale na bandari iliyoyaingiza ni yetu. Mwenye saluni ya miaka ishirini na zaidi, aionapo inayumba kwenye kona, huipeleka gereji ikainuliwe. Ikitoka huko imesimama juu kama ngamia, naye huamini kuwa ameitengeneza. Mimi nasema la. Mara nyingi huwa ameiongezea ila, na gharama ya ila hiyo hulipwa na watu waliomo ndani.

Nayasema haya kwa kuyaona. Nimejaaliwa kufanya kazi miaka kadhaa hapa Suneka, mji mdogo ulio katika barabara kuu ya A1, kilomita chache kutoka Kisii, njia iendayo Rongo, Migori na hatimaye Isebania mpakani mwa Tanzania. Ni nchi ya vilima na mvua nyingi. Gari la familia huku ni Toyota Corolla, ama ile waiitayo 110, ambayo Wajapani walianza kuiunda mwaka 1995, ama ndugu yake mdogo waiitaye NZE. Asubuhi gari hilo hupeleka watoto shule. Mchana hubeba mikungu ya ndizi. Jioni, ikiwa mfuko wa mwenyewe umetoboka, huokota abiria njiani. Watu watano ndio waliohesabiwa na kiwanda, lakini huku saba si ajabu, na nane hawamshangazi mtu.

Tusiwalaumu mafundi kwa pupa. Wazee watakumbuka kwamba gari la heshima hapo zamani lilikuwa Peugeot 504, iliyokuwa ikiunganishwa kwetu Mombasa. Ile ya stesheni wageni, iliyozoea safari ndefu za bara, ilipewa na kiwanda springi nne nyuma, mbili kila upande, kwa kuwa walioichora walijua itabeba shehena. Corolla ya saluni haikuchorwa kwa kazi hiyo. Basi fundi wa Suneka huombwa aongeze kile ambacho mwenye kiwanda hakukikusudia, nacho akiongeze kwa bei ya mkulima.

Je, kuinua ni nini hasa? Fundi huchukua kipande cha mpira mgumu au cha bati nene, ndicho wakiitacho spesa, akakitia juu ya springi ili bodi ipande. Wengine huitoa springi yenyewe wakatia nyingine ngumu iliyotoka katika gari kubwa zaidi. Gari hupanda, halikwaruzi tena matuta, na likipakiwa halilali nyuma. Hiyo ndiyo faida, nami siikatai.

Lakini msomaji wa pwani hahitaji kusoma uhandisi ili aione hasara. Ni nani kwetu asiyejua kazi ya farumi? Nahodha huweka uzito chini kabisa tumboni mwa chombo, ndipo jahazi lisimame katika upepo. Ukiyatoa mawe yale chini ukayapanga juu ya sitaha, chombo ni kile kile na uzito ni ule ule, ila upepo wa kwanza wa ubavuni utakilaza. Gari nalo, likiinuliwa, uzito wake umepandishwa juu, na konani hulala zaidi kuliko lilivyolala kabla. Aliyelalamika kwamba gari lake linayumba ameuziwa kuyumba zaidi.

Tena si hilo peke yake. Springi ndiyo inayobeba uzito; shoki kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Ukitia springi ngumu ukaacha shoki ile ile iliyochoka, gari hudunda kama mpira, na gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Pembe za magurudumu nazo huhama, tairi zikaliwa upande mmoja. Shafti za mbele hupinda kupita kiasi chake, viungo vyake vikafa kabla ya siku zao. Na taa, nyuma ikiinuliwa na mbele ikaachwa, hukosa kuangaza mahali pake.

Hapo ndipo lilipo jambo la leo. Zamani barabara ya Kisii hadi Isebania ilikuwa na mashimo, na mashimo humlazimisha dereva kwenda polepole. Katika miaka ya karibuni barabara hiyo imekarabatiwa kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na lami njema imeleta mwendo wa kasi. Njia za vijijini bado ni za udongo, na matuta yamejaa penye soko na shule, kwa hiyo mwenye gari huendelea kuliinua kwa ajili ya kilomita mbili za kwenda nyumbani kwake. Kisha gari hilo hilo hulitia katika lami, akalikimbiza kwenye mteremko wakati wa mvua. Barabara imebadilika, na gari bado limefungwa kwa barabara ya jana.

Nilipomuuliza fundi mmoja wa hapa kwa nini hawashauri wateja, alinijibu kwa upole: "Mzee, mteja akiona gari limepanda, ameona pesa yake. Nikimbadilishia bushi, ataona nini?" Jibu hilo lina hekima yenye uchungu. Bushi ni kipande cha mpira kisichoonekana, kikaacho kwenye maungio ya mikono ya magurudumu. Baada ya miaka ishirini hukauka na kupasuka, na hapo gurudumu hucheza lipendavyo. Kimo huonekana na majirani. Bushi huijua mwenye kushika usukani tu. Wahenga wetu walikwisha sema kuwa nyumba njema si mlango.

Basi matengenezo ya kweli yana utaratibu wake. Kwanza ni tairi nzima zilizojazwa upepo kwa kipimo, kwani tairi peke yake ndiyo inayogusa ardhi. Pili ni bushi, boljointi na ncha za usukani. Tatu ni shoki, zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia, wala si zile za mitumba zilizochoka Japani kabla ya kuja kuchoka tena kwetu. Springi iliyolegea ibadilishwe kwa iliyopimwa kwa gari hilo. Mwenye kubeba mizigo achague iliyo ngumu kidogo pamoja na shoki inayolingana nayo. Mwisho magurudumu yapimwe na kunyooshwa pembe zake. Mwenye kuyafanya hayo atashangaa kuona gari lake kuukuu limerudia ujana bila kuongezwa hata inchi moja.

Na mfano haupo mbali. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda mashindano ya Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika katika mashindano mengine. Walichokuwa nacho ni gari kuukuu, na mikono iliyojua kila kiungo chake.

Serikali nayo ina sehemu yake. Ukaguzi wa kila mwaka umezoeleka kwa magari ya abiria, ilhali saluni ya nyumbani yaweza kupita miaka mingi pasipo mkaguzi hata mmoja kuichungulia chini. Askari wa barabarani huhesabu vichwa na kutazama karatasi. Spesa iliyo juu ya springi haimo katika karatasi yoyote. Ikiwa gari hizi ndizo zinazobeba umma wa vijijini, na zitaendelea kuubeba kwa kuwa hakuna mbadala, basi ni haki zitazamwe kama vyombo vya umma.

Wala wa Mombasa, Malindi na Lamu wasicheke. Mtindo huu haukujifungia bara, na abiria ni amana popote pale. Mwenye fedha kidogo ya kulitengeneza gari lake aitumie kwanza mahali pasipoonekana. Akimaliza hayo na bado akatamani kimo, na aulize kwanza ni nani atakayeketi kiti cha nyuma.