Hesabu za vita, hesabu za mvua: Richardson na mkulima wa Uyole

Kila msimu ukikaribia, redio husoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA): mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa mkulima wa Uyole hayo ni maneno ya fedha. Apande mahindi lini? Anunue mbegu ya muda mrefu au ya muda mfupi? Utabiri ukikosea, mtu huuliza: kwani hawa wanapiga ramli?

Hapana, wanapiga hesabu. Na hesabu hizo zimefungamana na vita tangu mwanzo.

Alianza na kosa

Lewis Fry Richardson, mwanasayansi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1881, alikataa kubeba silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa sababu ya imani yake. Alikwenda Ufaransa kuendesha gari la kubeba majeruhi. Huko, kwa kalamu na karatasi, alikokotoa hali ya hewa ya saa sita za siku iliyokwisha kupita, 20 Mei 1910, aone kama hesabu itaafikiana na ukweli.

Haikuafikiana. Hesabu ilisema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa hektopaskali 145, wakati kipimo halisi hakikubadilika sana. Richardson hakuficha. Mwaka 1922 alilichapisha kosa hilo kitabuni na kueleza chanzo chake: vipimo vya upepo alivyoanza navyo vilikuwa na kasoro.

Kutoka mvua hadi vita

Mwaka 1920, ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga, alijiuzulu. Baadaye alitumia miaka mingi kukokotoa vita vyenyewe. Alionyesha kwa hesabu jinsi nchi mbili zinavyoogopana: moja ikiongeza silaha, ya pili nayo inaongeza, mpaka gharama iwalemee au vita vilipuke. Ni kama majirani wenye ugomvi wa mpaka: huyu akifuga mbwa mmoja, yule anafuga wawili.

Jeshi la Marekani nalo lilijenga kompyuta ya ENIAC ili kukokotoa shabaha za mizinga. Mwaka 1950 mashine hiyo hiyo ilitoa utabiri wa kwanza wa hali ya hewa kwa kompyuta. Utabiri wa saa 24 ulichukua takriban saa 24 kukokotolewa. Richardson alipata habari hizo na kuzifurahia. Alifariki mwaka 1953.

Hii ina maana gani kwako?

Kwanza, hesabu haiwezi kuwa bora kuliko vipimo vilivyoingizwa. Anayesoma kipimo cha mvua kila asubuhi bila kuruka siku anafanya kazi kubwa.

Pili, utabiri wa msimu unazungumzia eneo pana. Mvua ya Uyole si mvua ya bonde la Usangu. Kwa hiyo usiishie kwenye tangazo la msimu. Fuatilia pia taarifa za siku kumi kumi kabla ya kumwaga mbegu.

Tatu, anayepiga hesabu aoneshe pia alipokosea. Msimu ukiisha, una haki ya kuuliza: mlisema nini, na kilinyesha nini? Richardson alijibu swali hilo bila kusubiri kuulizwa.