Vituo vya utafiti vipewe mafundi na makarani



Nami nina dukuduku langu juu ya vituo vyetu vya utafiti wa kilimo. Nilikuwa msaidizi wa shamba katika kimojawapo kwa miaka mingi. Sasa nimestaafu, hivyo siandiki kwa kutafuta cheo.

Kila yanapozungumzwa mambo ya utafiti, hasa nyakati za bajeti, wakubwa hutaja asilimia moja. Ni kweli kwamba nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kila moja itenge angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Sipingi. Lakini fedha hazipandi mbegu, wala shahada ya udaktari haipandi mbegu. Fedha hizo zikifika, nani atanunua vifaa, atapima shamba, ataandika daftari na kutunza jalada?

Nitoe mfano wa muhogo. Kule Amani, wilayani Muheza, wataalamu Storey na Nichols walianza katika miaka ya 1930 kuutafutia muhogo kinga dhidi ya batobato na michirizi kahawia. Waliuchanganya na mti wa mpira wa Ceará, ambao ni ndugu wa muhogo, kisha wakarudi tena na tena kwenye muhogo wenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka kazi ilipofungwa mwaka 1957. Katika kazi hiyo ulitoka mche wenye namba 46106/27, ambao pwani ya Kenya unaitwa Kaleso na huku kwetu Namikonga. Michirizi ilipozuka upya Uganda mwaka 2004 na kuenea Kanda ya Ziwa, wataalamu waliurudia mche huo huo kutafuta kinga.

Sasa jiulize: kwa miaka yote hiyo, nani alikuwa akibandika vibao kwenye mistari ya miche? Nani alihesabu majani yenye ugonjwa asubuhi na umande? Vitabu vinakumbuka wakubwa wawili watatu. Lakini kama mwandika vibao angechanganya namba msimu mmoja tu, asili ya mche ule isingejulikana hadi leo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tulijenga taasisi zetu wenyewe bila kuchelewa. NIMR na TIRDO ziliundwa kwa sheria za mwaka 1979, TAFIRI na TAFORI mwaka 1980. Kuunda hatukushindwa. Tatizo limekuwa watu wa chini. Mageuzi ya utumishi ya miaka ya 1990 yalipunguza wengi wa ngazi zetu. Mwaka 2016 ajira zilisimamishwa kwa muda ili watumishi wahakikiwe, na mwaka 2017 likatangazwa jina baada ya jina la wenye vyeti vya kughushi, watu 9,932. Kuwaondoa ilikuwa haki, na mimi mwenyewe nilipiga makofi. Ila kiti kilichobaki wazi hakiwezi kuandika daftari.

Katika kituo nilichokuwapo mimi, mafundi sanifu wawili walistaafu mwaka mmoja na nafasi zao hazikujazwa. Mtafiti, mtu mwenye udaktari, akawa yeye ndiye anayefuatilia masurufu, yeye anayeandika barua za kuomba matairi, na siku dereva akiugua yeye anashika usukani. Mwaka mmoja mbolea ya majaribio iliidhinishwa kwa kuchelewa. Ilifika Februari, mahindi yameshatoa mbelewele. Takwimu za msimu ule zilitupwa zote.

Hapa ndipo wengi hawaelewi. Mwaka wa Serikali huanza Julai, na mikoa yetu ya mvua moja hupanda kati ya Novemba na Januari. Saini ikilala mezani miezi mitatu, kinachopotea ni mwaka mzima, kwa kuwa aina ya mbegu lazima ijaribiwe msimu baada ya msimu kabla haijaruhusiwa kumfikia mkulima. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yanapitia mfumo wa NeST. Ni mpango mzuri, unaziba mianya. Lakini mfumo unataka mtu anayeujua, na kituo kisicho na ofisa ugavi wake hungojea wa makao makuu. Wafadhili wa nje nao wanataka hesabu kwa mtindo wao. Mhasibu asiyefundishwa mtindo huo akichelewa, fungu linalofuata nalo huchelewa.

Najua wapo watakaosema makarani ndio wanaokula fedha za utafiti. Si uongo mtupu. Nimeona ofisi ina watu watano wanakunywa chai, na shambani hakuna hata mmoja wa kufukuza ndege. Mimi siombi hao. Naomba ikama ya kila kituo ipangwe pamoja: akiajiriwa mtafiti, aajiriwe na fundi sanifu wake. Tena kibali cha kumrithi anayestaafu kitoke mapema, wakae pamoja walau msimu mmoja. Mimi niliondoka na mambo mengi kichwani ambayo hayamo katika jalada lolote, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Muundo wa utumishi nao uangaliwe, kwani fundi hodari akiona hana pa kupanda ngazi huhamia halmashauri.

Ndugu zetu wa Utumishi na Wizara ya Kilimo watujibu kupitia ukurasa huu: vituo vingapi vitaanza msimu ujao vikiwa na fundi sanifu na ofisa ugavi wao wenyewe?

Msaidizi wa Shamba Mstaafu,
Iringa.