Tiba ya Mazungumzo katika Sonona ya Baipola

Sonona ndiyo sura ya ugonjwa wa baipola inayokaa muda mrefu zaidi. Mania, sura yake nyingine, huonekana upesi: mgonjwa halali, maneno hayamwishi, fedha zinamtoka mkononi, na ndugu wanamkimbiza hospitali. Sonona huingia kimyakimya. Nchini Marekani, Lewis Judd na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 146 wa baipola ya aina ya kwanza kwa wastani wa karibu miaka 13. Dalili za sonona zilichukua takribani theluthi moja ya wiki zote, ilhali za mania zilichukua wiki 9 tu katika kila 100.

Dawa za kawaida za sonona hazijauondoa mzigo huo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 366 katika mpango mkubwa wa utafiti wa Marekani ujulikanao kama STEP-BD. Wote walikuwa wakitumia dawa za kutuliza hisia. Baadhi wakaongezewa dawa ya sonona, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopata nafuu ya kudumu walikuwa 23.5% katika kundi la kwanza na 27.3% katika la pili. Kwa maneno mengine, nyongeza ile haikuleta faida.

Mwaka huohuo, ndani ya mpango huohuo, David Miklowitz na wenzake walipima nyongeza ya namna nyingine. Wagonjwa 293 wenye sonona ya baipola, wakiendelea na dawa zao, walipangwa kwa bahati nasibu: wengine wapate vikao visivyozidi 30 vya tiba ya mazungumzo kwa miezi 9, wengine vikao 3 vya mafunzo mafupi kuhusu ugonjwa. Mwaka ulipokwisha, 64% ya kundi la kwanza walikuwa wamepona, na 52% ya kundi la pili. Tofauti ya muda wa kupona ndiyo inayogusa zaidi: siku 169 dhidi ya 279. Siku 110 zinatosha mtu kufukuzwa kazi, au mwanafunzi kupitwa na muhula mzima.

Tiba zilizotumika zilikuwa tatu. Moja, tiba ya fikra na tabia, humfundisha mgonjwa kuzihoji fikra zinazomkatisha tamaa na kurudia shughuli alizoziacha. Nyingine hushughulikia mahusiano yake pamoja na saa za kulala, kuamka na kula, kwa kuwa usingizi ukivurugika, hisia nazo huyumba. Ya tatu huwaketisha ndugu pamoja na mgonjwa, wajifunze kuzitambua dalili za mwanzo na kusemezana bila kulaumiana. Hii ya familia iliongoza kwa 77%, lakini waliopewa walikuwa 26 tu, na tofauti baina ya tiba hizo haikuthibitika kitakwimu. Kuitangaza kuwa bingwa kwa msingi huo ni haraka mno.

Upo pia ushahidi unaopingana na matumaini hayo, na haufai kufichwa. Nchini Uingereza, mwaka 2006, Jan Scott na wenzake waliwapa wagonjwa vikao 22 vya tiba ya fikra na tabia katika jaribio la watu 253. Kwa jumla, tiba hiyo haikupunguza kurudi kwa ugonjwa. Ilionekana kuwafaa tu waliokuwa wameugua chini ya mara 12. Tokeo la kundi dogo kama hilo halina uzito wa jaribio zima, ila linaashiria kwamba kuchelewa kuna gharama. Uchambuzi wa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 39 yenye washiriki zaidi ya 3,800, uliunga mkono tiba hizi katika kuzuia ugonjwa usirudi. Kwa dalili za sonona zenyewe, tiba ya fikra na tabia ilifanya vizuri.

Ushahidi huu wote ni wa tiba iliyoambatana na dawa, hivyo haumruhusu mgonjwa kuacha dawa kama lithiamu kwa kuwa amepata mshauri. Lakini vilevile haumpi daktari sababu ya kuyaweka mazungumzo kando hadi dawa zote zishindwe, kwa maana kufikia hapo mgonjwa atakuwa ameugua mara nyingi.