Watoto wapimwe kwanza kabla ya vidonge vya damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa watoto vijijini bila kupimwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mganga, na kosa nitakalolieleza nililifanya mwenyewe.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa la kwanza alikuwa akisinzia kila siku kabla ya mapumziko, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Nilimwita mama yake nikamwambia mtoto hana damu, ampe vidonge. Mama alikuwa na vidonge alivyobakiza kutoka kliniki ya wajawazito. Akampa mwanafunzi wangu, na kwa kuwa mdogo wake wa miaka miwili naye alikuwa mnyonge, akamkatia nusu kila siku. Baada ya wiki mbili yule mdogo alishikwa na homa kali, akalazwa kwa malaria. Alipona. Siwezi kusema vidonge ndivyo vilivyoleta homa ile, maana malaria huku kwetu haingoji kualikwa. Lakini mganga wa zahanati alipouliza ni nani aliyemshauri mama huyu, sikuwa na pa kuficha uso. Yeye ndiye aliyenieleza habari za Pemba.

Utafiti wa Pemba ulianza mwaka 2002. Watoto 24,076, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, waligawanywa kwa bahati nasibu: wapo waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki, waliopewa hayo pamoja na zinki, na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003 kamati iliyokuwa ikichunguza usalama wa watoto iliona hesabu haziendi vizuri, na utoaji wa chuma ukasimamishwa. Miongoni mwa waliopewa chuma, hatari ya kulazwa au kufa ilikuwa imezidi kwa asilimia 12. Huko Nepali, ambako malaria si tatizo kubwa, utafiti wa namna hiyo hiyo haukuonyesha madhara hayo.

Wapo watakaosema watoto wa Pemba walifanywa vitu vya majaribio. Mimi sikubaliani nao. Utafiti uliosimamishwa mara hesabu zilipoonyesha hatari ni utafiti uliokuwa na walinzi.

Wala matokeo hayo hayasemi chuma ni sumu. Katika sehemu ya watoto waliopimwa damu, na malaria yao ikafuatiliwa na kutibiwa, wale waliokuwa na upungufu kweli walinufaika. Huko Ifakara nako, matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 yalionyesha kuwa chuma kiliwapunguzia watoto wachanga upungufu mkali wa damu bila kuwazidishia malaria. Kwa hiyo kina mama wajawazito waendelee kumeza vidonge vyao kama wanavyoelekezwa kliniki. Vilivyobaki ndivyo visigawiwe watoto.

Manung'uniko yangu ni haya. Matokeo ya Pemba yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Habari hizo zilifika Ulaya na kurudi, na mimi niliye ng'ambo tu ya maji kutoka Pemba nimezisikia mwaka huu kwenye benchi la zahanati. Watoto waliopimwa ni wetu. Kwa nini matokeo yasiletwe kijijini kwa Kiswahili, hata kwa karatasi moja ya kubandikwa ukutani? Walimu tungeisoma mbele ya wazazi.

Mwanafunzi wangu, kwa taarifa ya wasomaji, alipopimwa alikutwa na minyoo ya safura. Alikuwa akinyonywa damu huku mimi nikimwita mvivu. Amepewa dawa ya minyoo, na vidonge vya damu kwa kipimo cha umri wake.

Naiomba wizara inayohusika ituangalie pia kwa vifaa. Zahanati yetu ina kipimo cha malaria, lakini cha wingi wa damu haina, na mzazi asiye na nauli ya kwenda mjini hurudi kwa mwalimu kuuliza afanye nini.

Mwalimu wa Kijijini,
Muheza, Tanga.