Ini Si Kitambaa cha Kukamuliwa

Wasee, tuongee kuhusu hii biashara ya kukamua ini.

Mnaijua. Klipu ya sekunde thelathini, dada ameketi kwenye mkeka, amejipinda kiuno mpaka unamhurumia, halafu sauti inasema ati huo mkao "unakamua sumu kwenye ini" na mtu wa sukari akiufanya siku 21 atatupa dawa. Chini kuna namba ya kulipia chai ya ditoksi. Kila mara ni chai. Hakuna anayeuza yoga hapo. Yoga ni chambo.

Ini halikamuliki. Ni kiungo cha karibu kilo moja na nusu, kimejificha chini ya mbavu upande wa kulia, na damu inapita ndani yake saa zote, uwe umejipinda ama umelala kwa kochi. Sumu zinashughulikiwa na seli za ini lenyewe. Hakuna uchafu umekwama pale ukingoja ujikunje.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba shida wanayoichezea ni ya ukweli. Zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili wana mafuta yamejaa kwenye ini. Zaidi ya nusu! Na si lazima uwe umewahi kuonja pombe. Mwili ukiacha kuisikiliza insulini vizuri, ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku hata kama hujala, na huku linatengeneza mafuta na kuyaweka. Ndio maana mtu analala bila chakula halafu asubuhi kipimo kinasoma juu, anadhani mashine imeharibika. Mafuta yenyewe hayaumi, kwa hivyo hakuna anayeyashtukia. Kwa wengine yanaleta uvimbe, kisha makovu, na kwa wachache makovu yanafika kwa saratani.

Shangazi yangu alinunua hiyo chai. Nikamuuliza, "Auntie, na vidonge je?" Akasema, "Mwanangu, nasafisha ini kwanza, nitarudia." Vidonge vyenyewe vilikuwa metformini. Sasa skiza: metformini hufanya kazi yake kubwa kwenye ini, inalizuia kumwaga sukari ovyo. Yaani alisimamisha dawa inayosaidia ini ndio anywe majani asiyojua ni ya nini, ambayo ini lilelile litalazimika kuyachakata. Na kuna bidhaa za mitishamba zinazojulikana kuumiza ini. Hata dondoo kali ya chai ya kijani, ile inayowekwa kwa vidonge vya kupunguza mwili, imeshafikisha watu hospitali.

Kuna kundi lingine pia, na hamtaponea. Nyinyi mnaosema yoga ni ya watu wa Kilimani wenye chupa za maji za elfu tano, ama ni mambo ya mashetani. Africa Yoga Project iko Nairobi tangu 2007, na imefunza vijana wa mitaa ya kawaida kuwa walimu. Leso moja sakafuni inatosha. Kwa mama wa miaka 55 ambaye magoti yanamuuma na barabara ya kwao haina pa kutembea usiku, hiyo ni zoezi anaweza kufanya nyumbani mlango ukiwa umefungwa.

Na inasaidia aje? Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwa damu hata insulini ikiwa imelegea. Ukirudia wiki baada ya wiki, mafuta ya ini yanapungua, wakati mwingine hata kabla mizani haijasonga. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito, ini linafurahi zaidi. Utafiti wa yoga na kisukari, mwingi wake wa India, unaonyesha sukari ya asubuhi ikishuka kwa watu walioongeza yoga juu ya matibabu yao. Juu ya matibabu. Si badala yake. Na kwa upande wa mafuta ya ini, ushahidi ulio na nguvu zaidi ni wa kutembea haraka, baiskeli na kuinua vyuma.

Kwa hivyo si kila yoga ni sawa. Ile ya kukaa na kupumua polepole ni tamu kwa stresi lakini mwili hauchomi mengi. Ile ya kusalimu jua, unainama, unaruka nyuma, unajisukuma, unasimama, unarudia mpaka jasho litoke, hiyo inaanza kulingana na kutembea kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za zoezi la kiasi kwa wiki. Changanya na kutembea ufikishe.

Mwenye insulini ama glibenklamidi apime sukari kwanza, isije ikashuka sana katikati ya zoezi. Aliyeambiwa macho yameathirika na kisukari aachane na kusimama kichwa chini. Miguu ikiwa na ganzi, akague nyayo akimaliza.

Na ukimsindikiza mzazi kliniki, usiulizie sukari na presha peke yake. Ulizia FIB-4. Ni hesabu ya umri, vipimo viwili vya ini, AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu. Daktari anaipiga kwa simu dakika moja, na inamwonyesha nani anahitaji kuangaliwa zaidi kama ini limeanza makovu. Muuza chai hajawahi kuitaja hata siku moja.