Mchupaji, Mzamiaji na Bendera

Wanafunzi wangu wa Mbarara huniuliza mara kwa mara tofauti iliyopo kati ya kuchupa, kupiga mbizi na kuzamia. Anayechupa huruka kutoka mahali pa juu. Anayepiga mbizi huenda chini ya maji akiwa amezuia pumzi. Anayezamia hushuka kutafuta kitu kilichoko chini. Lakini neno mzamiaji lina maana nyingine, ambayo watu wa bandarini waijua vyema: mtu aliyejificha melini akaingia nchi ya watu bila ruhusa. Neno moja lawabeba mtu wa majini na msafiri asiye na karatasi. Sikuona ajabu yake mpaka juma lililopita.

Tulikuwa tukisoma habari za mashindano ya kuchupa kutoka ubaoni, upande wa wanaume, katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Ubao huo hushikizwa upande mmoja, na upande wa pili huning'inia juu ya maji. Hunesa, na mneso wake ndio humrusha mchupaji. Mchezo huu ulikuzwa na wanasarakasi wa Ujerumani na Uswidi, waliopenda kufanyia mazoezi yao juu ya maji. Basi haikuwa ajabu kwamba mshindi wa 1908 alikuwa Mjerumani, Albert Zürner, kijana wa miaka 18 tu. Alipata alama 85.5. Mwenzake Kurt Behrens alipata 85.3. Nafasi ya tatu waligawana Gottlob Walz, naye Mjerumani, na George Gaidzik wa Marekani, kila mmoja akiwa na 80.8.

Darasa lilifurahia hesabu hiyo. Waamuzi wamemtazama mtu akipaa, akajikunja, akaingia majini, wakaona kwamba amemzidi mwenzake kwa alama 0.2! Ndipo kijana mmoja aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye babu na bibi yake walitoka Congo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi ningechupa kwa jina la nani?"

Ndugu wanafunzi, swali hilo ni zito kuliko lionekanavyo. Michezo hiyo ya London ndiyo ya kwanza ambayo wanamichezo waliandikishwa kupitia kamati za mataifa yao. Hapo awali mtu aliweza kujiandikisha mwenyewe, na ziliwahi kuwapo hata timu zilizochanganya watu wa nchi mbalimbali. Tangu 1908 mlango ulikuwa taifa. Watu wa Ufini, waliokuwa chini ya Urusi, waliandamana uwanjani bila bendera; Waayalandi walihesabiwa kuwa Waingereza. Mwaka 1920, michezo ilipofanyika Antwerp, Ujerumani haikualikwa kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimekwisha, na medali zote tatu za ubao zikaenda kwa Wamarekani. Sidhani Wajerumani walikuwa wamesahau kuchupa.

Najua hoja ya wanaoitetea bendera. Taifa ndilo hujenga bwawa, humlipa kocha, humkatia mwanamichezo tiketi ya ndege. Nakubali, na sitaki bendera ziteremshwe. Ninachokataa ni kuulizwa "wewe ni wa nani?" kabla ya kuulizwa "waweza nini?", kisha asiye na jibu la swali la kwanza asifike kabisa kwenye la pili.

Ilipita zaidi ya karne tangu London ndipo, mwaka 2016 huko Rio, timu ya wakimbizi ikaingia uwanjani kwa mara ya kwanza ikiwa na watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya. Wawili walikuwa wanajudo wa Congo, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliofika Brazil kwa mashindano mwaka 2013 wakabaki huko. Lilikuwa jambo jema. Lakini timu ile ni kama mlango wa nyuma wa nyumba: wageni huingia, wala hawawi wa nyumba hiyo.

Hapa kwetu Uganda mambo yana sura mbili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mkimbizi uhuru wa kutembea na kufanya kazi, nasi tuna haki ya kujivunia hilo mbele ya majirani. Hata hivyo Katiba ya 1995 haitoi uraia kwa sababu tu mtu kazaliwa katika ardhi hii. Kifungu cha 10 hutazama wazazi na mababu. Kifungu cha 12 huwaruhusu waliozaliwa nchini na kuishi humu mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962 wajisajili kuwa raia, lakini kimewatoa waziwazi wale ambao mzazi au babu yao alikuwa mkimbizi hapa. Kisomeni wenyewe, tena polepole. Mto Rwizi hupita katikati ya Mbarara ukaenda kulisha Ziwa Nakivale. Mtoto aliyekunywa maji hayo tangu siku ya kwanza bado huhesabiwa kwa safari ya babu yake. Kwa maoni yangu sharti hilo liondolewe, na aliyezaliwa hapa na kukulia hapa apewe njia yake mwenyewe ya kuomba uraia.

Nilimjibu kijana yule kwamba kwa sasa, iwapo angechaguliwa, angechupa kwa jina la timu ya wakimbizi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama wajukuu wake nao watachupa kwa jina hilo hilo.